WASIWASI SI UCHAMUNGU: MGONJWA WA UDHU APELEKWE KWA MUUGUZI

 

Liko jambo katika misikiti yetu ya Ngara na Biharamulo ambalo limenyamaziwa kwa muda mrefu, nasi hatuoni udhuru wa kuendelea kulinyamazia. Mtu hufika penye maji kabla ya adhana. Huosha mkono wake mara tatu, kisha saba, kisha ishirini. Huanza upya kwa kuwa ameshuku kwamba tone moja limerukia vazi lake. Jamaa huswaliwa ikamalizika, naye bado yuko pale pale, mikono imechanika kwa sabuni na maji. Siku akiwahi kuingia ndani, hunyanyua mikono na kuishusha, hutamka takbira na kuikata, kwa kuwa hana yakini kwamba nia yake imesimama sawasawa na tamko. Fatiha huisoma herufi kwa herufi, akairudia mpaka imamu anakwenda rukuu na kuinuka.

Waumini wanaomtazama ni makundi matatu. Wa kwanza humcheka. Wa pili humsifu, wakasema huyu ndiye mcha Mungu wa kweli, laiti sote tungekuwa kama yeye. Wa tatu hunong'ona kwamba ana jini, na haipiti wiki utasikia amepelekwa kwa mpunga pepo mmoja aliyejipachika jina la tabibu wa Kisunnah.

Makundi yote matatu yamekosea, na la pili limekosea zaidi kuliko linavyodhani. Mtu huyu ni mgonjwa. Maradhi yake yana jina, yana tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo iko mikononi mwa muuguzi.

DUMU LA MAJI LA LUKOLE

Wazee wetu waliokaa katika kambi ya Lukole, au walioishi katika vijiji vya jirani, hawahitaji kufundishwa thamani ya maji. Wakimbizi wa Burundi walianza kumiminika katika wilaya hizi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakafuatia wa Rwanda, ambapo takriban robo milioni ya watu walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Wanyarwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996. Lukole ikabaki na Warundi, wakakaribia laki moja na kupita, hadi kambi ilipofungwa kabla ya muongo wa 2000 kumalizika.

Kipimo kinachofahamika katika kuwahudumia wakimbizi ni kwamba kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na humo kuna kunywa, kupika, kuoga na kufua. Sasa na apige hesabu kila mwenye akili. Mtu anayemaliza dumu la lita 20 kwa udhu wa swala moja ametumia fungu la siku nzima la mtu mmoja na kumega la mtu wa pili, ilhali bado ana swala nne. Nani atakaa na kiu kwa ajili yake? Ni mkewe, au mtoto aliyetumwa foleni.

Na Mtume (S.A.W.), ambaye hapana aliyemcha Allah kumpita, imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Hakifiki lita moja. Basi anayemsifu mtu wa dumu zima kuwa ndiye mcha Mungu zaidi, je, ametambua anamlinganisha na nani?

Hatusemi haya ili kumlaumu mgonjwa. Mgonjwa hadithi hiyo anaijua, pengine kuliko sisi. Anajua kwamba mkono wake ni safi. Anajua kuwa anaisumbua nyumba yake. Hapo ndipo ilipo adhabu ya maradhi haya: mtu anaijua haki, na moyo wake haumwachii kuifuata. Kumsomea hadithi ya kibaba kwa mara ya mia moja ni sawa na kumwambia mwenye homa ya malaria aache kutetemeka.

Lukole ilikuwa na watu walioona damu za jamaa zao. Dhiki kama hiyo peke yake haitoshi kumzulia mtu maradhi haya, lakini huyaamsha yaliyolala na kuyazidisha yaliyopo. Na kambi kufungwa hakukuyafunga maradhi. Wengine walirudi kwao nayo, na wako wenyeji wetu ambao hawakuwahi kukimbia nchi yoyote na bado wanayo. Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kwamba mtu mmoja hadi watatu katika kila mia hupatwa na maradhi haya katika umri wao. Msikiti wenye waumini mia tatu wa Ijumaa usidhani kwamba umesalimika.

WANAZUONI WALITANGULIA

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wazungu, na kwamba wasiwasi ni wa shetani tu, basi. Tunawajibu kwa vitabu vyetu wenyewe.

Kwamba shetani hutia wasiwasi, hilo ni katika itikadi yetu na hatulikanushi. Sura ya mwisho ya Qur'an inatufundisha kujikinga nao. Sahaba walimshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba hupitiwa na fikra nzito wanazochukia hata kuzitamka, naye akawapa habari njema kwamba kule kuzichukia ni dalili ya imani iliyo wazi, Muslim ameipokea. Lakini wanazuoni walitambua mapema kwamba liko jambo jingine juu ya hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na ndani yake akauweka wasiwasi katika mlango wake peke yake, mbali na hasira, hofu na huzuni, akauzungumza kama maradhi yanayotafutiwa tiba. Miaka elfu moja na zaidi imepita tangu afariki, na kwetu bado watu wanatafuta fimbo ya kumpigia jini!

Katika madhehebu yetu ya Kishafii, Abu Muhammad al-Juwayni, baba wa Imamul-Haramayn, aliandika kitabu kizima juu ya wasiwasi. Ibn Qudama wa Kihanbali naye aliandika chake, na Ibn al-Qayyim akaueleza kwa urefu. Wamaliki wana istilahi kabisa, al-mustankah, yaani mtu aliyetawaliwa na shaka kila siku; hukumu yake kwao si ya mtu mwingine, kwani yeye huambiwa aipuuze shaka yake wala asiifanyie kazi. Tazameni uoni wa mbali wa mafakihi hawa! Hawakumwambia arudie ili atulie. Walimwambia asirudie, hata kama hajatulia.

Tunaomba msomaji aishike nukta hiyo, maana ndiyo hiyo hiyo utakayoikuta hospitalini.

KAZI YA MUUGUZI

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kutoka London habari za wagonjwa wawili ambao tiba nyingi zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Mmoja alitawaliwa na kuosha na kusafisha. Wa pili alikuwa mwanamke aliyesumbuliwa na fikra chafu kuhusu mambo matakatifu ya dini yake. Alichokifanya ni kuwaweka wodini chini ya uangalizi wa wauguzi tangu kuamka hadi kulala. Wauguzi waliwakutanisha na yale wanayoyaogopa, na wakawazuia kwa upole wasifanye yale matendo ya kurudia rudia. Mabomba ya maji katika chumba cha yule wa kuosha yalifungwa. Wote wawili walipata nafuu kubwa. Kutoka hapo ilikua njia ambayo hadi leo ndiyo msingi wa tiba ya maradhi haya pasipo dawa: kuikabili hofu na kulizuia tendo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Isaac Marks wa hospitali ya Maudsley, London, akapiga hatua nyingine: aliwafundisha wauguzi waifanye tiba hiyo wenyewe, kuanzia kumpokea mgonjwa hadi kumruhusu. Matokeo yao hayakuwa chini ya yale ya madaktari na wanasaikolojia. Kwa hiyo yule anayetuambia kwamba maradhi haya yanataka mabingwa ambao Ngara haitawaona kamwe, jibu lake hilo hapo.

Je, muuguzi hufanya nini hasa? Tuyaeleze, kwa kuwa watu wengi hudhani kazi yake ni sindano na vidonge.

Kwanza husikiliza bila kucheka na bila kushangaa. Mgonjwa aliyeficha siri yake miaka mingi hupima uso wa anayemsikiliza. Akiuona umekunjamana, hufunga mdomo. Muuguzi humuuliza ni mambo gani yanamtisha na kwa kiasi gani, kisha wakayapanga kama ngazi, lililo jepesi chini na lililo zito juu. Huanza na la chini, tena kwa ridhaa ya mgonjwa. Hapa hamna kushikwa kwa nguvu. Kama mgonjwa anaogopa kitasa cha mlango, atakigusa, kisha watakaa pamoja bila ya kunawa. Hofu itapanda. Moyo utamwenda mbio, atatokwa jasho, ataapa kwamba hawezi. Muuguzi hatamwambia kwamba kitasa ni safi, wala hatamwapia kuwa hakuna baya litakalompata. Atakaa naye tu. Na baada ya muda, bila ya tone la maji, hofu ile itaanza kushuka yenyewe. Mgonjwa akiliona hilo kwa macho yake mara moja, mara mbili, mara kumi, huwa amejifunza jambo ambalo mawaidha elfu hayakumfundisha.

Pamoja na hayo, muuguzi hutazama mwili: mikono iliyochubuka ipakwe mafuta na kutibiwa isiingie wadudu, mgonjwa ale, anywe, alale. Humuuliza wazi wazi kama amefikiria kujidhuru, kwa sababu wapo wanaofika huko, na kuuliza hakumtii mtu fikra hiyo. Husimamia dawa. Katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, klomipramini imetajwa kwa maradhi haya, na floksetini nayo hutumika. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku tatu. Huchukua wiki kadhaa, pengine hadi kumi na mbili, ndipo faida yake ionekane vizuri. Asiyeambiwa hivyo huzitupa wiki ya pili na kusema hospitali imeshindwa.

Na hayako kwenye udhu tu. Yupo anayerudi mara thelathini kuangalia kama mlango umefungwa, yupo anayehesabu, yupo anayenyofoa nywele zake mwenyewe au kuchubua ngozi, yupo anayejaza nyumba takataka asiyeweza kutupa hata karatasi. Maradhi haya ni jamaa.

BIHARAMULO NA MARBURG

Januari 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo, na tarehe 13 Machi ukatangazwa kumalizika, baada ya watu kumi kupoteza maisha, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa. Allah awarehemu. Siku zile tuliambiwa tunawe, na wanaotuambia walikuwa na haki. Hata hivyo hatukumsikia aliyewakumbuka wale ambao agizo la kunawa kwao ni petroli juu ya moto. Mtu wa kawaida hunawa kwa muda unaotosha, akaenda zake. Mgonjwa wa wasiwasi akinawa, ndio kwanza ameanza. Kwake yeye anahitajika mtu wa kumpa kiasi maalumu: nawa namna hii, wakati huu, kwa muda huu, kisha acha. Hiyo ndiyo kazi ya muuguzi wa afya ya akili, nayo haipasi kuachwa hata wakati wa mlipuko.

WANAOVUNA KWA MGONJWA

Tunakuja kwa wapunga pepo. Kisomo cha Qur'an kwa mgonjwa ni sunnah, na hatumruhusu yeyote atuzulie kwamba tumekikataza. Tunachokikataa ni biashara iliyovalishwa kanzu ya kisomo. Mtu hulipisha kila kikao, huzuia dawa za hospitali kwa madai kwamba zinamkasirisha jini, hupiga na kufunga kamba, na mgonjwa asipopona huambiwa imani yake ni dhaifu. Na mgonjwa wa wasiwasi ndiye mteja bora wa biashara hii, kwa kuwa daima ana shaka na daima atarudi. Akipewa kombe leo, kesho atashuku kama alilinywa ipasavyo. Akiambiwa asome adhkari mara mia, atashuku kwenye tisini na tisa na kuanza upya. Ametoka na duara moja, ameongezewa la pili, tena kwa fedha yake! Mtume (S.A.W.) aliulizwa na Mabedui kama wajitibu, akawaamuru wajitibu, na akabainisha kwamba kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Mwenye kumzuia mgonjwa asiende hospitali amesimama upande gani wa agizo hilo?

Wako pia wanaosita kwa sababu nyingine. Husema hospitali iliyo karibu ni ya kanisa, kama ile ya Murgwanza, vipi muuguzi asiye Mwislamu azungumze na mtu wetu juu ya udhu? Tunawakumbusha kwamba katika Hijra, safari iliyobeba hatima ya Uislamu wote, aliyekodiwa kuwaongoza njia Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr alikuwa mshirikina, Abdullah bin Urayqit, kwa kuwa alikuwa mwaminifu na mjuzi wa njia. Muuguzi mjuzi hamfundishi mgonjwa fiqhi. Fiqhi ni yetu, na ni juu yetu kumpa muuguzi jibu moja fupi: kipi kinatosha. Uso mara moja, mikono mara moja, kupaka kichwa, miguu mara moja, pamoja na nia na mpangilio. Hapo faradhi imetimia. Akiwa na kipimo hicho, muuguzi yeyote anaweza kumsimamia.

Na wanaodharau uuguzi kuwa ni kazi ya wanawake na ya chini, wasome sira. Baada ya Khandaq, Saad bin Muadh alipojeruhiwa, aliwekwa katika hema la Rufayda al-Aslamiyya, mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi, na hema hilo lilikuwa ndani ya Msikiti wa Mtume. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo, wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao humo.

MAIMAMU NAO

Hapa tutasema neno ambalo baadhi ya masheikh hawatalipenda. Mgonjwa huja kwa imamu na swali: tone limenirukia, je, swala yangu imesihi? Imamu kwa huruma humjibu kuwa imesihi. Baada ya Isha anarudi na lile lile kwa sura nyingine. Alfajiri anapiga simu. Imamu hujibu, hujibu, hujibu, akidhani anasaidia. Hasaidii. Kila jibu ni bomba jingine la maji. Mgonjwa hutulia kwa dakika kumi, na maradhi hunenepa. Nyumbani hali ni hiyo hiyo: mama anayeapa kila jioni kwamba nguo ni twahara, mke anayebeba madumu ya ziada, ndugu wanaovua nguo mlangoni ili asikasirike. Wote wanayalisha maradhi kwa mkono wa mapenzi.

Na walimu wa madrasa wana dhima kubwa zaidi. Maradhi haya aghalabu huanza utotoni au ujanani, katika umri ule ule ambao mtoto anafundishwa twahara, janaba na baleghe. Mwalimu anayefundisha mlango wa najisi kwa vitisho vya kaburi, asitaje hata mara moja milango ya takhfifu, anamtwisha kijana aliye dhaifu mzigo ambao Allah hakumtwisha. Tumeshuhudia mwisho wake: kijana anaacha swala. Si kwa uasi, bali kwa kuchoka. Swala moja inamchukua saa mbili na hana uhakika nayo, basi anaona bora aiache. Na watu wale wale waliomsifu kwa udhu wake mrefu ndio wa kwanza kumwita fasiki.

TUNAYOTAKA YAFANYIKE

Kila kamati ya msikiti katika wilaya hizi imwalike muuguzi kutoka kituo cha afya kilicho karibu, baada ya Ijumaa moja, aeleze maradhi haya na ajibu maswali, kwa wanaume na kwa wanawake. Mgonjwa akishajulikana, imamu apatane naye mbele ya jamaa zake: swali la twahara litajibiwa mara moja tu, kwa maandishi mafupi, na likirudi, jibu ni kwamba limekwisha jibiwa. Apelekwe zahanati, na huko akipewa rufaa ya hospitali ya wilaya au Bugando, Mwanza, kamati imchangie nauli kama inavyochanga kwa mgonjwa wa upasuaji. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumhudumia na kumlinda mgonjwa wa akili. Basi anayefungwa kamba uani kwa mpunga pepo ana haki iliyodhulumiwa, na viongozi wetu wasiogope kulifikisha hilo serikalini. Serikali nayo isijifiche nyuma ya Mirembe ya Dodoma. Wauguzi wenye elimu hii wapelekwe hadi vituo vya pembezoni, na dawa zilizoandikwa katika orodha zionekane rafuni.

Limebaki swali tulilolipokea mara nyingi kutoka kwa kina mama. Mke aliyeelekezwa na muuguzi kumpa mumewe birika moja tu la udhu, lisiongezwe, naye mume akalia na kumwambia kuwa anamharibia swala yake, je, anapata dhambi? Jawabu letu ni kwamba hapati. Birika hilo ni zaidi ya kibaba. Ampe, akae naye kwa upole, asigombane naye wala asimwapie, na akimaliza waende wakaswali.